Byabato Alivyoutwaa Mji wa Chonyonyo

Mtu akikuomba uwe mshenga wake, muulize kwanza kama anajua kunyamaza. Mimi Kashaija sikumuuliza Byabato, na nusura aniaibishe Karagwe nzima.

Byabato alikuwa binamu yangu, mtu wa Ndama, mpishi wa mzungu mmoja kwenye machimbo ya bati huko Kyerwa, miaka michache kabla ya vita vya Hitla. Yule mzungu na mkewe hawakuwa na jirani wa kupiga naye soga, basi kila jioni mezani walicheza mchezo wao. Huyu anataja neno la Kiingereza ambalo hata Waingereza wenyewe hawalitumii, mwenzake aseme maana yake. Akishindwa, hapewi pudini. Byabato alisimama pale na sinia lake, masikio wazi. Kiingereza cha kuombea maji hakuwa nacho sawasawa, lakini maneno yale ya ajabu aliyabeba yote kichwani.

Akija likizo ndipo tulipokoma. Ukimtazama anavyokula ndizi, anakwambia, "Hiyo inaitwa groak." Maana yake ni kumkodolea macho mtu anayekula, ukitumaini atakukaribisha. Nilimuuliza watu wasiomkaribisha mgeni hata kikombe cha chai wanalitakia nini neno hilo, akasema mimi sina elimu. Tumbo la mtu likinguruma kanisani, yeye ananong'ona "borborygmus", yaani ngurumo za tumbo, na padri anatutazama sote wawili kana kwamba tumbo ni langu. Alinichosha jamani. Lakini moyo wake ulikuwa mzuri, hilo simnyimi, na alimpenda Anatolia wa Chonyonyo mpaka nyama ya mzungu ikawa inaungua jikoni.

Baba yake Anatolia, mzee Ndyamukama, alikuwa na shamba zuri la migomba na kahawa, na alikuwa na ugonjwa mmoja: vitendawili. Mwalimu wa misheni alikuwa amemfundisha kuvitega kwa mtindo wa pwani, kwamba asiyejua jibu lazima atoe mji, na mwenye kitendawili akiukataa anapewa mwingine, mpaka aridhike. Mzee akaupenda mchezo huo kuliko rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nyumbani kwake hukuzungumza posa kabla ya vitendawili, na kila mshenga alijua la kufanya. Unashindwa, unacheka, unatoa mji, mzee anafurahi, ndipo mnaingia kwenye maneno yenu. Siku ya kwenda kuposa nilimweleza Byabato hayo njia nzima, mtungi wa rubisi ukiniumiza kichwa. Akaitikia, "Nimesikia, kaka." Kumbe hakusikia kitu.

Tulipofika tulitoa shikamoo, tukapewa buni za kutafuna, rubisi ikamiminwa. Wazee wa jirani walikuwa wamekaa kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, wanawake wako nyuma ya kiambaza cha matete, na Anatolia yumo humo. Mzee akatega cha kwanza, Byabato akajibu. Akatega cha pili, akajibu kabla mzee hajafunga mdomo. Nikamfinya paja. Akasogea mbali nami.

"Haya, tega wewe," mzee akasema, sauti imepungua utamu.

"Kitendawili."

"Tega."

"Pandiculation."

Wazee wakatazamana. Mzee akafikiri, akajikuna, akatoa Bukoba. Byabato akaipokea, akaeleza kuwa ni kule kujinyoosha na kupiga miayo mtu anapoamka. Halafu akatega "quidnunc". Mzee akatoa Kampala, akaambiwa kuwa ni mtu anayezunguka akiuliza kuna habari gani, ili akaisambaze. Wazee wakamtazama mmoja wao wakacheka, na mimi nikadhani tumepona.

Hatukupona. Byabato akavuta pumzi akatoa "ultracrepidarian", neno refu kama siku ya njaa.

"Nakupa Mwanza," mzee akasema.

"Siitaki, baba."

"Tabora."

"Huko sina shughuli. Nipe Chonyonyo."

Mjinga yule alidhani anamsifu mkwe, kwamba kati ya miji yote duniani anautaka ule anamoishi Anatolia. Mzee akasema polepole, "Nakupa Chonyonyo. Sasa niambie neno lako."

"Ni mtu anayetoa hukumu juu ya jambo asilolijua."

Mzee akauweka chini mrija wake wa kunywea rubisi.

"Basi Chonyonyo ni yako," akasema. "Migomba yako, nyumba hii yako. Na watoto waliozaliwa hapa je?"

"Wangu, baba," Byabato akajibu, anatabasamu.

"Anatolia amezaliwa hapa."

"Ndiyo, baba."

"Basi ni binti yako. Wewe Kashaija, mshenga, huko kwenu Ndama mtu hujiposea binti yake?"

Wazee wakaangua kicheko, lakini nyuma ya kiambaza nikasikia mtu analia, akijizuia asisikike. Byabato naye alisikia. Uso wake ulibadilika, akapiga magoti palepale kwenye nyasi, akamwomba mzee aupokee mji wake.

"Neno lililosemwa mbele ya wazee na rubisi halirudishwi hivihivi," mzee akasema. "Mji hutoka kwa kitendawili, na hurudi kwa kitendawili. Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu kubwa, haina mlango."

Mungu wangu. Hicho wanakijua hata watoto wasioota meno. Nikaona midomo ya Byabato imeshaanza kulitafuta jibu, yenyewe tu, maana tangu azaliwe mtu yule hajawahi kuulizwa jambo akaacha kujibu. Akiulizwa njia ya mahali asipopajua, alionyesha. Wazee wote wanamtazama, wanaume aliowashinda muda mfupi uliopita, na jasho linamtiririka mpaka shingoni. Nilikuwa na hasira naye tangu asubuhi, lakini pale nilimwonea huruma sana. Akafumba mdomo.

"Sijui, baba."

"Sema kwa nguvu. Wengine hapa tumeshazeeka, hatusikii."

"Sijui," Byabato akasema, na kule nyuma walisikia. "Nimeshindwa. Nakupa Chonyonyo."

Mzee Ndyamukama akaokota mrija wake, akanywa taratibu, akajifuta ndevu. Kisha akamsogezea Byabato mrija uleule anywe.

"Ni yai, mwanangu," akasema.