Kijiti cha Alumini na Ngazi ya Kaka

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Louisville, niliharibu vijiti kadhaa kabla ya mapumziko ya chai. Kiwanda kilitengeneza rejeta za magari, nami niliwekwa kwenye meza ya kuziba zile zilizotoka na tundu. Msimamizi wa zamu, mama mmoja wa Kimarekani, alinipa tochi ya gesi na kijiti chembamba cha kijivu cha madini ya kuungia, akaenda zake. Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania nilikuwa nimewaona mafundi wakiziba ndoo: unachoma risasi ya kuungia, inadondoka, basi. Nikachoma kijiti. Kikayeyuka, kikaviringika juu ya alumini kama maji juu ya jani la yugwa, kikaanguka chini.

Msimamizi aliporudi alitazama sakafu, akasema maneno mengi. Baba Furaha, Mkongomani wa meza ya pili, akanitafsiria.

"Mama, anasema moto tia ku chuma, hapana ku kijiti. Donc chuma yenyewe ndiyo itayeyusha kijiti. Unasikia?"

"Nimesikia. Na hayo mengine aliyosema?"

"Bon, yale mengine uache tu."

Ninyi vijana mnaojifunza kwa kutazama video, sikieni. Alumini ina ngozi. Huioni, lakini ipo, na kijiti hakishiki juu yake. Kwanza futa mafuta na rangi yote, kisha sugua kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu, ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Pasha moto kuzunguka ufa, usiukazie mahali pamoja, maana alumini haiwi nyekundu ikakutahadharisha. Inanyamaza, halafu inabomoka. Ondoa moto kidogo, gusisha kijiti. Kikiyeyuka kwa joto la chuma, kwaruza kwa ncha yake hapo hapo ili kiingie chini ya ile ngozi. Kisha acha kipoe chenyewe. Ukimwagia maji, shauri yako.

Zamu yetu ilipofutwa nilihamia Columbus, nikapanga nyumba Whitehall, kitongoji cha huko. Nilipata kazi kwenye ghala moja, nikapelekwa karakana ya kutengeneza mikokoteni. Mkuu wa karakana alikuwa mzee mkavu wa maneno. Nilimwonyesha kiti nilichokuwa nimeunga mguu wake, akakikanyaga mara moja tu, mguu ukang'oka.

"Dirisha, sawa," akasema. "Mtu, hapana."

Nilikasirika siku nzima, lakini nilielewa: kijiti hakibebi uzito wa mtu. Majirani waliponiletea fremu za madirisha na milango ya nyavu, niliunga. Kwa vipande vya alumini vilivyotupwa nilijitengenezea kichanja cha vyombo, wanawake wa kwetu wakanicheka: "Yudita, umeleta kichanja hadi Amerika!" Wiki iliyofuata kila mmoja alitaka chake. Sufuria nilizikataa, kwa sababu sikujua kijiti kimechanganywa na nini, na mtu asile asichokijua.

Kaka yangu Zakaria aliniita Buffalo, nikaenda. Huko niliajiriwa na kampuni ya nyumba za kupanga, chini ya meneja wa majengo, na kazi ilikuwa ile ile ya madirisha na milango. Kuhusu kaka lazima niseme jambo. Tulipokimbia Burundi nilikuwa mtoto mwenye homa, naye alinivusha mto mabegani. Wazazi walipofariki kambini, aliacha shule akalima ili mimi nile. Kaka wa namna hiyo kwetu ni baba, na baba hakataliwi.

Alikuwa amepita miaka sitini, na hakutaka kusikia habari ya kulishwa na wanawe. Majani yalipopukutika, alikuwa akipanda mapaa ya watu kusafisha mifereji kabla ya theluji. Jumamosi moja alikuja kwangu na wanaume wawili wa kanisani, wamebeba ngazi yake ya alumini. Mguu mmoja ulikuwa na ufa chini ya kipandio.

"Yudita, iunge hii. Jumatatu nina paa la ghorofa mbili."

"Kaka, hii haiungwi."

"Mbona mlango wa mchungaji uliuunga?"

"Mlango haupandwi, kaka. Kijiti hiki ni laini, na moto wenyewe utaulegeza ugumu wa ngazi. Itaonekana nzima mpaka uwe juu."

"Mimi nilipanda miti wewe hujazaliwa!"

"Miti hiyo haikuungwa kwa kijiti."

Wale wanaume wakacheka, na hapo mambo yakaharibika. Kaka akasimama wima.

"Basi. Vijiti vinauzwa dukani na tochi ninayo. Nitaiunga mwenyewe."

Nilimjua. Angefanya hivyo, na Jumatatu angepanda. Nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata ngazi katikati, miguu yote miwili, mbele ya wageni wake. Alumini ni laini, haikuchukua muda.

"Mimi?" akasema. "Mimi niliyekulea?"

Niliweka msumeno chini. Aliokota nusu moja, akaondoka nayo. Ile nyingine aliiacha uani kwangu.

Majira yote ya baridi hakunisalimu. Kanisani nilimnyooshea mkono, akapita, mkono ukabaki hewani mbele ya watu wote. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa msimamizi yeyote. Wanawe walimtafutia kazi ya kuchambua nguo kwenye ghala moja, chini, miguu ikiwa sakafuni, akaenda kwa kununa. Pasaka ilipofika alikuja kwangu, akaketi, akaomba chai. Ngazi hatukuitaja.

Sasa nimestaafu. Macho yamefifia na tochi nimempa mwingine. Kaka bado huja kila Jumapili, na akimkuta mgeni humwambia: "Mnamwona huyu? Alinikatia ngazi yangu, na ilikuwa nzima kabisa." Sibishani naye, namwongezea chai. Wale niliovuka nao mto nimewazika karibu wote. Aliyebaki wa kunisema ni yeye, na aendelee kunisema.