Mwanga wa Kulalia

Kitambaa cheusi ndicho kilicholeta taa nyeupe nyumbani kwa Bi Pindo. Mwaka ule shule mbili za karibu zilibadilisha sare, sketi zikawa nyeusi, na kazi ya kuzishona akapewa yeye. Mtu ambaye hajawahi kupitisha uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi hawezi kuijua adha yake. Jicho linautafuta mshono lisiuone, na mkono unafanya kazi kwa kubahatisha. Baada ya kushona mifuko minne ndani nje na kuifumua yote, alikwenda dukani akanunua balbu kali kuliko zote zilizokuwapo, nyeupe pepepe, akaifunga sebuleni juu ya cherehani. Ilipowaka aliona hata vumbi lililojificha kwenye gurudumu.

Ilimfurahisha mno. Wiki ile ile akanunua nyingine za namna hiyo, akafunga jikoni, ukumbini, bafuni na chumbani kwake. Zile za zamani zenye mwanga wa njano akazigawa kwa majirani, akiwaonea huruma kwamba wataendelea kuishi gizani.

Jina la Bi Pindo alipewa na wateja. Walisema nguo aliyoishona inaweza kuchakaa na kuchanika yote, lakini pindo litabaki pale pale likishangaa wenzake wamekwenda wapi. Mumewe tu ndiye aliyemwita Mama Pacha, kwa kuwa walijaliwa mapacha wa kike, ambao sasa walikuwa wamekwenda shule ya bweni. Mume huyo alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Huondoka wiki tatu, hurudi siku nne, kisha huondoka tena. Akiwa safarini walizungumza kwa simu kila siku, naye alimweleza habari za mvua, za tairi na za foleni mpakani. Mwishoni Bi Pindo alimwambia aendeshe taratibu, basi. Miaka kumi na minane ya ndoa yao ilikwenda hivyo.

Miezi michache baada ya sketi zile nyeusi, usingizi ulianza kumpiga chenga. Alikuwa akishona mpaka saa nne usiku, anafunga cherehani, anaoga, anapanda kitandani, na hapo macho yanamtoka kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Alijipa sababu alizozijua: nyumba imekuwa kubwa bila watoto, umri unasogea, kitanda cha mtu mmoja si kitanda. Mchana alisinzia juu ya kazi. Siku moja alishona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, na mwenye blauzi alipoivaa akauliza kwa upole kama ndiyo mitindo ya sasa.

Mumewe aliporudi kwa siku zake nne, Bi Pindo alifua mashuka, akayapiga pasi mpaka pembeni. Alfajiri alipapasa upande wa pili wa kitanda akakuta pako wazi, mto umepoa. Saa moja asubuhi mume akaingia jikoni, akaomba chai, kana kwamba anatoka bafuni. Alfajiri ya pili ikawa vile vile. Ya tatu Bi Pindo alisimama dirishani, akamwona anashuka kwenye lori lake, lililoegeshwa kwenye uwanja nyuma ya nyumba, viatu mkononi, ananyata kama mwizi wa kuku.

Alilimeza jambo hilo, mume akaondoka, na wiki tatu zile akaishi nalo kooni. Mwishowe akamweleza dada yake mkubwa. Dada hakupoteza muda kufikiri. Alisema mwanamume akihama kitanda, hata akihamia uani kwake mwenyewe, ujue moyo ulishatangulia, na akamshauri apekue lori. Bi Pindo aliumia, kwa sababu lori hakuwa na la kulifanya. Mwanamke mwenzio unaweza kumsema. Lori utalisema nini? Lilimchukua mume wiki tatu kila mwezi, na sasa lilidai hata zile siku nne.

Mume akarudi, na usiku wa kwanza akatoroka tena. Kabla hapajapambazuka vizuri Bi Pindo alijitanda shuka, akatoka uani, akakanyaga ngazi ya lori, akafungua mlango.

Mumewe alikuwa amelala nyuma ya viti, kwenye godoro jembamba lisilozidi upana wa ubao wa kupigia pasi. Alilala usingizi wa mtoto, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia. Juu yake kilikuwa kinawaka kitaa kidogo mfano wa kifungo cha koti, mwanga wake wa rangi ya asali, hafifu kiasi kwamba ulitosha kuonyesha uso tu. Bi Pindo alisimama pale kwa muda mrefu. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alimwona mume wake amelala.

Mume akahisi baridi ya mlango, akaamka.

"Baba Pacha," Bi Pindo alimwambia, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Mbona unakikimbia kitanda changu?"

Mume alikaa, akajifuta uso kwa viganja. "Mle ndani macho hayafungi, Mama Pacha. Nimejaribu. Nalala nakusikia unavyogeukageuka, nawe huna usingizi, naona nikibaki tutakesha wote. Huku nikiweka kichwa tu, nimekwenda. Nikadhani ni mimi. Nikadhani barabara imeshaniharibu, siwezi tena kuwa mtu wa nyumbani. Nitakwambiaje jambo kama hilo?"

Bi Pindo alipanda, akakaa kwenye kiti cha utingo, akajifunika shuka lake. Alikusudia kupumzika kidogo ndipo waendelee kuzungumza. Mwanga wa asali wa kitaa kile ulikuwa ukimwangukia mabegani, kope zikawa nzito, na alipofumbua macho jua lilikuwa limepanda na mumewe naye amelala tena. Waliposhuka pamoja, yeye na shuka lake, jirani aliyekuwa akianika nguo aliwatazama toka kichwani mpaka miguuni, akawaamkia kwa adabu kubwa mno. Mtaa ulikuwa na la kucheka kwa wiki nzima. Adhuhuri mume aliitwa kazini kabla ya siku zake kwisha, akaondoka. Bi Pindo akabaki na hesabu ya ajabu: katika miezi yote ile, usingizi pekee waliolala pamoja waliulalia ndani ya lori.

Siku chache baadaye alikuja muuguzi mmoja kupanuliwa sare yake kiunoni. Alikuwa mteja wa miaka mingi, anayefanya kazi wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Akiwa amesimama na pini kiunoni, akilalamikia mwangaza ule kwa mkono juu ya macho, alimuuliza Bi Pindo kama chumbani kwake nako anawasha taa kama hii. Bi Pindo alijibu kwa fahari kwamba nyumba nzima ni hivyo hivyo.

"Basi mwili wako utajuaje kama jua limezama?" muuguzi alimuuliza.

Kisha akaeleza, kwa lugha ya mtu aliyezoea kuwaeleza akina mama wenye wasiwasi. Wodini kwao, jioni, walielekezwa kupunguza taa, kwa sababu jicho ndilo linaloupasha mwili habari za saa. Mwanga mweupe wenye ubuluu ndani yake unaliambia jicho kwamba ni adhuhuri, mwili nao unaacha kujitayarisha kulala. Mwanga wa njano, mdogo, wa chini, hauusumbui sana. Alisema si dawa ya kila anayekosa usingizi, na kama hali itaendelea aje hospitali. Lakini kuanzia kwenye balbu si vibaya. Akaongeza kwamba asubuhi afungue madirisha, jua liingie kwa wingi, maana mwili unahitaji kuujua mchana ili uutambue usiku.

Bi Pindo hakukimbilia dukani. Fundi cherehani kwanza hujaribu alichonacho. Alishona kofia ya satini ya njano, akaivisha balbu ya chumbani. Chumba kikageuka rangi ya ndani ya papai, na kwa chini mwanga ukapenya mweupe vile vile. Baada ya saa moja satini ikaanza kunuka. Aliivua haraka, akakubali kwamba kuna nguo ambazo hata yeye hawezi kuzishona.

Muuza taa alikuwa mzee mwembamba mwenye ubao wa kujaribia balbu, na alipendezwa sana na swali lake. Alisema watu wote wanaoingia pale humuuliza nguvu, hakuna anayemuuliza rangi. Alimwonyesha namba zilizoandikwa ubavuni mwa boksi. Ile ya wati ni ya umeme unaoliwa na balbu. Ile nyingine, ya maelfu, ndiyo ya rangi ya mwanga, nayo husomwa hivi: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo mwanga unavyokuwa mweupe na wa kibuluu. Zake za nyumbani zilikuwa elfu sita na mia tano. Akafunga ubaoni ya elfu mbili na mia saba, akaiwasha.

Bi Pindo aliutazama mwanga ule mpaka mzee akauliza kama amepatwa na jambo. Ilikuwa rangi ya balbu alizogawa. Ilikuwa rangi ya chumba walichopanga walipooana, mapacha hawajazaliwa, mume bado ni kibarua wa gereji anayerudi nyumbani kila jioni.

Alichukua za chumbani, za bafuni na za ukumbini, zote ndogo. Kwa cherehani alichukua taa ya mezani ya shingo ndefu, inayomwaga mweupe wake juu ya kitambaa tu, na akajiwekea sheria ya kuizima saa mbili usiku.

Usingizi haukuja siku ile. Ulikuja kidogo kidogo, kama mgeni aliyewahi kufukuzwa. Wiki ya kwanza alilala kwa vipande, ya pili akalala kipande kimoja kirefu, na ya tatu akaamka asubuhi hajui amelalaje. Kilichomshangaza ni kingine. Zamani alikuwa amechoka mno asiweze hata kumtamani mumewe. Sasa mwili ulipopumzika, hamu ilipata nafasi ya kukaa. Aliisikia akichota maji, akikata kitambaa, akisikia lori lolote likipita. Mume akacheleweshwa mpakani siku tisa kwa sababu ya karatasi, na kila moja ya siku hizo aliiona ndefu.

Alifika alasiri, kachakaa. Hakuona tofauti yoyote nyumbani, wala Bi Pindo hakumwonyesha. Jioni walikaa kitandani mume akisimulia habari ya tairi lililopasuka kwenye kona, na alipofika pale gari lilipoanza kuyumba, akanyamaza. Bi Pindo aligeuka ajue nini kilitokea kwenye ile kona, akakuta mtu amelala. Alijilazimisha kukaa macho kidogo, amtazame. Alfajiri alipapasa upande wa pili, akakuta bega.

Mume alilala nyumbani siku zote nne, kisha akaondoka. Safari hii Bi Pindo alilia, jambo alilokuwa hajalifanya tangu miaka ya mwanzo. Simu ilipoita jioni, alisikiliza habari za mvua na za foleni, na pale ambapo humwambia aendeshe taratibu, akasema, "Nina hamu na wewe. Nakutaka hapa nyumbani."

"Nilidhani umeshazoea," mume alisema.

"Nani alikwambia?"

Ndipo mume akamweleza kwamba kampuni ina njia fupi, ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na mara mbili aliwahi kuulizwa akakataa, akiamini nyumbani hana kazi. Kesho yake alipiga simu ofisini kuiomba. Aliambiwa nafasi ipo kwa mzee mmoja anayestaafu mwezi wa sita, avute subira.

Mwezi wa sita bado. Bi Pindo hajawahi kumwona mzee huyo. Alimwomba mumewe ampatie vipimo vya shingo na mabega ya huyo mzee, na shati la kuagia kazi limekwisha kushonwa, limepigwa pasi, linamngoja.