Taa Zilizowaka Mchana

Baba yangu aliuwasha mji wa Dodoma. Sisemi kwa kujisifu, ingawa nikiachiwa nafasi nitajisifu. Jioni alipanda baiskeli yake, nzito kama kichwa cha treni, akazunguka mtaa hadi mtaa akifungua visanduku vya chuma vilivyofungwa kwenye nguzo na kuinua swichi. Kila mtaa na swichi yake. Asubuhi alizunguka tena kuzima. Kwa hesabu zangu za utotoni alikuwa ameshafika Cairo na kurudi, tena kwa matairi yenye viraka.

Ila mtaa ukiwa na msiba, hakuuzima. Sijui nani alianzisha desturi ile, mimi niliikuta. Taa za mtaa wa wafiwa ziliachwa zikiwaka mchana kutwa, mpaka watu watoke makaburini. Jua letu unalijua, linaweza kukaanga yai juu ya mkokoteni, na bado taa zile zilionekana, za njano, zimenyong'onyea. Kwetu mtu hatumiwi habari ya kifo; anaambiwa mgonjwa amezidiwa, njoo. Akishuka stesheni, ukweli anauona mwenyewe kwenye nguzo. Akikuta zimezimwa, anashusha pumzi.

Kisha ikaja miaka ya mageuzi. Redio za watu binafsi, mitumba mpaka mlangoni mwa kanisa, na neno jipya la kazini: kupunguzwa. Mtambo ukafungwa kwenye chumba kimoja nyuma ya ofisi, sanduku kubwa kama kabati la bibi harusi, na juu ya paa jicho la kioo linalohisi jua. Jua likizama, mji mzima unawaka. Likichomoza, mji mzima unazimika. Baba akapunguzwa pamoja na baiskeli yake.

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, nimesoma umeme mpaka mbu wa darasani wangeweza kuunga saketi. Nikamweleza kwa madaha.

"Baba, sasa kidole kimoja kinawasha mji mzima. Na hicho kidole chenyewe hakihitajiki."

"Na mtaa wenye msiba?"

"Mtambo haujui msiba, baba."

"Basi ufundisheni. Si mmesoma?" Akaendelea kunywa uji wake.

Kiangazi cha mwaka ule ule akaugua. Tukamtumia habari dada yake huko Gulwe, kwa mdomo wa mfanyakazi wa treni: kaka yako amezidiwa, njoo. Wale wawili walikua pamoja wakilala ngozi moja, na shangazi ndiye mtu pekee duniani aliyemwita baba "we mtoto" akaitika. Habari za mtambo hazikuwa zimemfikia. Baba akafariki alfajiri, shangazi akiwa bado njiani. Stesheni wakatuambia treni haitaingia mpaka jioni; treni za siku zile, mbuzi walitembea kando yake wakila majani na bado wakaiacha.

Nikaenda kwenye chumba cha mtambo. Aliyekuwa zamu tulisoma naye jioni, dawati moja.

"Pole, ndugu yangu. Mzee alikuwa baba yetu sote."

"Niwashie mtaa wetu. Mpaka tutoke makaburini tu."

"Mtaa wenu haumo humu." Akanifungulia mlango wa lile kabati. "Tazama mwenyewe. Ni mji wote au hakuna. Nikiwasha kwenu nimewasha mpaka kwa wabunge, saa hizi za jua, na mgao huu wa umeme. Kesho nitapunguzwa mimi."

Nikatazama. Nyaya zile nilizisomea. Alikuwa anasema kweli.

Tulimngoja shangazi mpaka alasiri. Mchungaji akatazama jua, wazee wakatazamana, jeneza likainuliwa. Nilikuwa nyuma nikigeuka kila hatua, mpaka nikamkanyaga mtu.

Kumbe treni iliingia adhuhuri. Shangazi alitukuta tumesharudi. Aliingia kwa mlango wa uani akicheka, koti la mtumba kwapani, la sufu, zito la kumfaa askari wa Urusi.

"Nimepigana na wale wauza mitumba, nusura wanichune ngozi," akasema. "We mtoto yuko wapi? Mwambieni asinidekee, nimemletea koti la baridi."

Wanawake waliokuwa mkekani wakainamisha vichwa. Akanitazama mimi.

"Mtaa wenu si unaonekana toka stesheni?" akaniambia, polepole sasa. "Niliziangalia nguzo. Taa zimezimwa zote. Nikasema, haya, bado anapumua. Nikakaa nikanywa chai. Nikaenda sokoni nikachagua koti."

"Shikamoo, shangazi," nikasema, mimi ambaye nikiwa na kiu tu naweza kuieleza kwa nusu saa.

Akalikunjua lile koti, akalishika mabegani kama unavyomshikia mtu mgonjwa ili avae, akasimama nalo hivyo, mikono imenyooka mbele yake. Hakuna aliyethubutu kumpokea. Mikono ilipoanza kumshuka kwa uzito, nikaenda nikamgeuzia mgongo, nikaingiza yangu kwenye mikono ya koti.