Sindano ya Kengele

Walimwita Kengele, maana alipokuwa akinadi vitanda na majokofu ya waliofilisika, hata wa mtaa wa pili alijua bei imefika wapi. Kazi yenyewe haidai elimu kubwa: inataka koo, na macho yasiyomtazama mwenye kitanda.

Kisha sauti ikaanza kukatika. "Mara ya kwanza, mara ya pi..." na kimya. Wanunuzi wakadhani anawangoja, wakapandisha bei. Tajiri wake akaona ni ujuzi mpya.

Daktari wa kwanza alisema ni asidi. Vidonge vikalituliza tumbo, ambalo halikuwa na ugomvi na mtu. Wa pili alisema ni wasiwasi. Dawa yake ikamsinzisha Kengele mnadani, wima. Wa tatu alimwambia acheke, kisha aimbe. Vyote vikatoka sawasawa. Alipoambiwa ataje jina lake, likakwama.

"Koo lako ni zima," daktari akasema. "Ubongo ndio unaobana nyuzi za sauti. Nadhani."

"Una... unadhani?"

"Hakuna kipimo cha kukata shauri. Kuna sindano ya kuzilegeza. Ikikubali, utasema vizuri miezi kadhaa. Ila mwanzoni unaweza kubaki na mnong'ono kwa wiki kadhaa, na hata maji yakakupalia."

Wiki hizo ndizo zilizomtisha. Mama yake, kipofu na mzito wa masikio, alikuwa kitandani nyumbani kwa dada mtu, moyo umemchoka. Kwake mtoto ni sauti.

"Nani huyu anayenikwaruzia maneno?" mama aliuliza, Kengele alipomwamkia. "Niitieni mwanangu."

"Ndiye huyu, Mama," dada akasema.

"Usinifanye mtoto. Namjua niliyemzaa."

Uani dada akamshika mkono. "Kaka, usichomwe sasa. Sauti mbovu si sawa na kukosa kabisa. Atakuzoea."

"Ataniz... lini? Hanijui, dada. Bora nijaribu."

Akachomwa. Mnong'ono ukaja kama ulivyoahidiwa. Daktari alikuwa mkweli, sifa isiyotibu kitu. Kengele akawa anakaa kando ya kitanda, ameshika mkono wa mama yake.

"Mgeni gani huyu," mama akauliza, "hata salamu hana?"

Akafa akimwulizia mwanawe.

Sauti ilirudi siku chache baada ya mazishi, nzima, haina hata ufa. Majirani wakampongeza: Mungu mkubwa! Akawashukuru vizuri, kila mmoja. Kisha akaingia chumba kile cha mama, akafunga mlango, akaita "Mama" mara moja, asikie lingetokaje.

Lilitoka lote.