Dada Mabaki na Njaa Yake ya Haki

Alizaliwa Jumapili ya Matawi, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la baba yake. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini mtaa mzima wa mafundi cherehani ulikuja kumwita Dada Mabaki. Lilikuwa jina la dhihaka, na sisi wanaparokia wenzake tunalitamka leo vifua mbele. Baba alipofariki, duka lilibaki mikononi mwa kaka yake mkubwa, na binti akakaa kwenye cherehani ya pili, karibu na dirisha. Alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi, na wateja walimpenda.

Mtaa ule ulikuwa na desturi yake: kitambaa cha mteja kikibaki, ni cha fundi, na hakisemwi. Mteja akiuliza, anajibiwa kwamba kimetosha kwa shida. Hakuna aliyeuita huo wizi, wala yeye hakuuita hivyo alipojishonea kwa mabaki gauni jeupe la Kipaimara. Siku yenyewe, akiwa kwenye foleni ya kumwendea askofu, alimwona bibi harusi wa juma lililotangulia ameketi benchi la mbele, amevaa gauni lake la harusi. Mikono ya gauni hilo iliishia juu ya viwiko, maana dukani kwa kaka mtu aliambiwa kitambaa hakikutosha. Dada Mabaki akaitazama mikono ya gauni lake mwenyewe, mirefu hadi kwenye viganja, ya kitambaa kilekile. Akatoka kwenye foleni. “Siwezi kumwomba Mungu haki nimevaa mikono ya gauni la mwenzangu,” alimwambia msimamizi wake, kisha akaenda kuketi kando ya bibi harusi na kumweleza yote. “Kumbe kilitosha!” yule bibi harusi alimaka. “Na mama mkwe alivyonisema!” Kipaimara alikipokea mwaka uliofuata, kwa gauni la kuazima.

Tangu hapo alikunja kila kipande kilichobaki na kumrudishia mwenyewe. Wateja wakaanza kudai vyao katika maduka mengine, na mafundi wakamjia juu kaka mtu. “Mdogo wangu, unatuvua nguo mbele ya mtaa mzima,” kaka alimwambia. “Acha hayo, la sivyo utoke.” Naye akajibu, “Kaka, hata nikila nikashiba bado nina njaa. Nataka kuwa mwema kweli, siyo wa kudhaniwa.” Akatoka mikono mitupu, akapata pembe ya baraza ya jirani, akashona kwa sindano ya mkono kwa miaka mingi.

Wengi husimulia hadi hapo wakaridhika. Yeye hakuridhika. Aligundua kwamba kila apitapo mbele ya duka la kaka yake hunyanyua kidevu, na dhambi hiyo ilimliza kuliko ile ya gauni. Akaingia dukani, akapiga magoti. “Kaka, nilirudisha vitambaa vya watu, nikakudharau wewe. Nisamehe.” Kaka hakuinua uso, aliendelea kukanyaga cherehani. Kila Jumamosi alirudi kumwamkia, na kila Jumamosi alijibiwa na mlio wa cherehani tu. Ilimuuma sana, wala hakuficha. Alifariki katika Kwaresima, akimtaja kaka yake katika sala, bila kupata jibu.

Siku ya maziko kaka alifika kanisani na mkokoteni umejaa magunia. Alisimama mlangoni akilia kama mtoto, akiwagawia watu mabaki ya vitambaa aliyoyaweka maisha yake yote. “Chukueni, ni vyenu,” alisema. “Dada yangu alikuwa na njaa, nami nilimwona nikanyamaza.”

Ndugu Mkristo, umwige huyu dada yetu. Usishibe wema wako wa jana; mwombe Mungu akuongezee njaa. Wapo wanaodai kipofu aone ndipo waamini kwamba ni mtakatifu. Sisi tuna mtaa mzima wa mafundi cherehani wanaorudisha mabaki bila kuulizwa, na anayebisha apeleke kitambaa chake.