Gaynor na Albamu Iliyopungua Mwendo

Gaynor Outhwaite huzirudisha piano za mji wetu wa Hull, Uingereza, kwenye sauti zake: za shule, za makanisa, za baa, na za wajane ambao hawazipigi lakini hawakubali kuziuza. Ana miaka hamsini na miwili, mkoba wa ngozi wenye spana ya kukazia nyuzi, na tabia ya kuinamisha kichwa unapozungumza naye, kana kwamba anapima kama maneno yako yamepanda kidogo au yameshuka. Tumekaa mtaa mmoja miaka tisa. Nilijua kwamba kuna jambo analolificha, ila sikujua ni nini mpaka Jumapili moja ya mwezi wa Machi.

Kabla ya piano alikuwa msaidizi katika studio ndogo, ndani ya kanisa lililofungwa karibu na mto. Mwaka 1995 vijana wanne wa mji huu, waliojiita Kestrel Yard, walirekodi humo albamu yao ya kwanza na ya mwisho. Jina lake kwa lugha yetu ni Jumapili Bila Kengele. Mwimbaji alikuwa Yvette Stathers, rafiki wa Gaynor tangu wakiwa na miaka mitano.

Haikuuzika sana, lakini walioinunua waliipenda kwa sababu moja: sauti ya mwimbaji. Nzito, ya polepole, kama ya mwanamke aliyechoka kusubiri na bado anasubiri. Yvette alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Aliposikia santuri mara ya kwanza alisema, "Huyu si mimi." Mwenye studio akacheka, akamwambia kila mtu huichukia sauti yake mwenyewe. Kisha bendi ikaanza kuzunguka nchini, na watu waliokuja kumsikia yule mwanamke mzito wakakutana na msichana mwenye sauti nyepesi, kali kama limau. Gazeti moja likaandika kwamba jukwaani anasikika kama mtoto aliyevaa koti la mama yake. Mwaka haukwisha, Yvette akaacha kuimba. Alipata kazi kwenye duka la miwani, na yuko huko mpaka leo.

Gaynor aligundua ukweli mwaka 1997, alipokuwa akijifunza kazi ya piano. Aliiweka ile santuri akajaribu kuifuata kwenye piano aliyotoka kuikaza. Haikukubali. Kila sauti iliangukia katikati ya kibao na kibao. Hapo ndipo alipokumbuka. Siku ya kuchanganya nyimbo, wimbo wa kwanza ulitaka gita lisikike kama linayumba, naye akazungusha kitufe cha kupunguza mwendo wa tepu. Hakukirudisha. Nyimbo zote tisa zikapita hivyo, polepole na chini kuliko zilivyoimbwa. Hakumwambia mtu, na kila Krismasi alikwenda kula kwa Yvette.

Mwaka huu kampuni moja ya London iliandika kwamba inataka kuitoa albamu upya, kutimiza miaka thelathini. Tepu zilikuwa kwenye kabati la Gaynor. Waliuliza kama kuna jambo lolote la kujua kuhusu tepu hizo, naye alitakiwa kujibu kabla ya Machi kwisha. Akisema, huenda angempoteza rafiki yake. Akinyamaza, sauti isiyo ya Yvette ingechapwa mara ya pili, na Gaynor safari hii angekuwa amefanya kusudi.

Mjini kwetu kuna kikundi kinachokutana Jumapili moja ya kila mwezi, saa tisa alasiri, kwenye chumba cha juu cha baa. Albamu hupigwa yote bila mtu kusema neno, halafu watu hubishana. Mwenye kushika kile kikadi cha kuwekea glasi ndiye mwenye ruhusa ya kuzungumza, sheria inayovunjwa baada ya dakika kumi. Kiongozi ni Nev Cargill, mwenye duka la santuri. Mpinzani wake wa kudumu ni Malcolm Tranmer, mwalimu mstaafu wa jiografia. Mwezi huo waliichagua Jumapili Bila Kengele, na Yvette, aliyekataa mwaliko kila mara, safari hii alikuja, akakaa karibu na mlango bila kuvua koti. Mimi na Gaynor tulikuwemo pia.

Nev alishikilia kwamba albamu ile ni Britpop safi, ule muziki wa bendi za Uingereza wa miaka ile: nyimbo fupi, mitaa yetu, foleni ya chipsi na ile pilipili nyekundu ambayo watu wa Hull huzinyunyizia. Malcolm akasema hapana, ile ni kazi ya watazama viatu, wale waliopiga gita wameinamia vitufe vya miguuni mpaka muziki ukawa ukungu.

"Britpop gani ya mwendo wa jeneza?" Malcolm aliuliza.

"Na mtazama viatu gani anaimba habari za chipsi?"

"Aliyeona zimemwangukia viatuni."

Watu walicheka, hata Yvette kidogo. Wakahamia kwenye urithi. Malcolm alitaja bendi tatu, kutoka Leeds hadi Glasgow, ambazo waimbaji wake walijifunza kutoka kwenye santuri ile kuimba bila haraka. Nev akasema huo ni urithi wa kulaza watu. Kisha akamtupia Yvette kikadi.

"Amua wewe, bibie. Ulikuwepo."

Yvette alikigeuzageuza. "Mimi nilikuwepo," alisema. "Yule kwenye santuri hakuwepo. Miaka thelathini watu wananiuliza habari zake kama vile ni dada yangu, na mimi simjui."

Gaynor hakungoja kikadi. Alikwenda kwenye piano iliyo pembeni, ambayo huikaza mwenyewe kila vuli, akamwomba Nev arudie wimbo wa tatu. Akabonyeza kibao kimoja: kilikuwa chini ya sauti ya Yvette. Akabonyeza cha juu yake: kikapita. Akarudia, chini, juu. Malcolm aliyewahi kuimba kwaya aliweka glasi yake mezani.

"Iko katikati," Gaynor alisema akiwa ameupa mgongo ukumbi. "Zote tisa ziko katikati. Nilipunguza mwendo wa tepu nikasahau kuurudisha. Hukuwahi kuimba hivyo, Yvette. Ni mimi."

Yvette alimwuliza amejua tangu lini. Gaynor akamwambia.

"Tisini na saba," Yvette alisema taratibu. "Krismasi ishirini na nane umekaa mezani kwangu, unanisikia nikisema sikuwa na sauti, halafu unaniomba nikupitishie viazi."

Nev ndiye aliyesogea. Mashine yake ya santuri ina kitelezi cha mwendo. Alikiwekea kidole, akamtazama Yvette, naye akaitikia kwa kichwa. Nev akakisukuma polepole huku Gaynor akigonga kibao kilekile, mpaka sauti mbili zikawa moja. Ukatoka wimbo mwingine kabisa. Msichana mwenye haraka, mchokozi, anayemcheka mtu fulani kwenye foleni. Hakuna aliyegusa bia yake.

"Huyo namjua," Yvette alisema.

Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga vifungo vya koti, akaondoka bila kumtazama Gaynor. Nyuma yake Nev alinong'ona kwamba kwa mwendo ule hata Malcolm lazima akubali ni Britpop. Malcolm akasema kwa miaka thelathini hakuna aliyeusikia mwendo ule, kwa hiyo hauhesabiki. Wanabishana mpaka leo.

Zilipita siku tisa. Gaynor alikaza piano mbili za shule na kuzikosea zote, ikabidi arudi. Siku ya kumi Yvette alipiga simu. Alikuwa amewaandikia London yeye mwenyewe: toleo jipya liwe na santuri mbili, ya kwanza ibaki kama ilivyo, ya pili iwe kwa mwendo halisi, na maelezo yaandikwe kwenye jalada.

"Yule wa polepole ana watoto wake sasa, wale waimbaji aliowataja Malcolm," alisema. "Siwezi kumfukuza. Na wewe njoo na mkoba wako. Piano ya mama haijaguswa tangu alipofariki."

Gaynor alinisimulia yaliyobaki. Piano ilikuwa imeshuka karibu nusu sauti, kama zinavyoshuka zote zikiachwa. Fundi huwa na njia mbili: kuiacha palepale iliposhuka na kuzipatanisha nyuzi zenyewe kwa zenyewe, jambo salama, au kuivuta ipande mpaka pake, na nyuzi za zamani huweza kukatika. Alimweleza Yvette aliyesimama na kikombe cha chai.

"Ipandishe," Yvette alisema.

Uzi wa tatu ulikatika kwa mlio uliomfanya amwage chai zuliani.

"Zimebaki ngapi?"

"Mia mbili na kitu."

"Basi endelea," Yvette alisema, akavuta kiti akaketi karibu yake.