Mume wangu alivyokamatwa Kigali kwa sababu ya nyangumi, na fundi Yunusi naye akabebwa

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi huwa nasoma tu, nacheka, naondoka. Leo naandika kwa sababu mjukuu wangu kanifungulia akaunti na kuniambia, "Bibi, ile stori ya nyangumi iweke jukwaani kabla hujaisahau."

Sijaisahau. Nitaisahau vipi?

Najua kuna wataalamu wa kusema "hii chai". Vikombe vile pale, sukari mtajiwekea wenyewe. Mimi nasema yaliyotokea.

Nianze.

Mimi ni Mnyarwanda. Nilizaliwa Mkatoliki, nikasoma katekisimu mpaka nikaikariri, halafu nikaolewa Biryogo, mtaa wa Waislamu hapa Kigali, na fundi wa malori kutoka Tanga, nikasilimu. Anaitwa Omari. Watu wa Tanga hamuwawezi kwa maneno, na mimi niliolewa na bingwa wao.

Tangu tuoane alikuwa ananihadithia kwamba kwao baharini kuna kiumbe anaitwa nyangumi. Mkubwa kuliko basi. Anaishi majini lakini anapumua hewa kama sisi. Anazaa, ananyonyesha, na anaimba.

Anaimba, wakuu!

Mimi nilikuwa naitikia "ehee" huku nachambua maharage yangu. Sikuamini hata robo.

Aliyeamini ni Zaituni, binti yetu wa kwanza. Akaenda kuyasema shuleni. Wenzake wakamcheka wakamwita mtoto wa mwongo. Alirudi nyumbani analia mpaka kwikwi, hataki kula.

Omari aliumia. Sijawahi kumwona ameumia vile. Akaweka spana chini akasema, "Basi likizo ndefu tunakwenda Tanga sote. Atawaona kwa macho yake."

Ndiyo ikawa mpango. Mimi, yeye, Zaituni na wadogo zake wawili. Mdogo wake Omari, shemeji Hamza, alikuwa Tanga na anajua wenye boti za injini. Nyangumi wana msimu wao wa kupita, kwa hiyo ilibidi kumpigia Hamza simu kuuliza tarehe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwa wasioelewa, huu ulikuwa mwaka 1992. Vita vilikuwa kaskazini. Kigali kulikuwa na vizuizi barabarani, kuna saa za kutotembea, na watu tulikuwa tumejifunza kunong'ona. Kulikuwa na neno moja tukiliogopa sana, icyitso, yaani kibaraka wa adui. Ukibandikwa hilo unachukuliwa, na si wote waliochukuliwa walirudi.

Sasa mume wangu kitu kimoja hajui duniani ni kunong'ona.

Vijana wa siku hizi mna bahati, simu iko mfukoni. Sisi ulikuwa unakwenda posta, unaomba simu ya nje, unakaa benchi, ukiitwa unaingia kwenye kibanda. Laini ya Tanga ilikuwa mbovu, kwa hiyo unapiga kelele. Posta nzima inakusikia.

Na posta nzima ikasikia hivi:

"Hamza! Wakubwa wanapita lini?"

"Mwezi wa nane? Wote wanatokea kusini?"

"Na wanasogea karibu na nchi kavu?"

"Basi tafuta boti! Mimi nakuja na watu wangu, tutawavizia palepale!"

Rudieni kusoma hayo maneno taratibu, kama mtu aliyesimama kwenye foleni wakati wa vita.

Kwa Omari, wakubwa ni nyangumi wazima, siyo watoto wao. Kwa aliyekuwa nyuma yake, wakubwa ni wakubwa. Wenye nchi.

Alipotoka kibandani alikuta watu wawili wanamsubiri.

Mimi nyumbani sijui chochote. Adhuhuri imepita, hajarudi. Nikajisemea labda laini imekatika. Alasiri ikaingia.

Kwenye baraza yangu alikuwa anashona fundi Yunusi, jirani yetu. Alikodi nafasi hapo kwangu kwa cherehani yake. Mtu mpole, maisha yake yote ni suruali na sare za shule. Nikaona watu wawili wanamwendea.

"Wewe ndiyo Yunusi?"

"Ndiyo mimi."

"Omari unamujua?"

"Huyu si ndiyo jirani yangu?"

Wakambeba. Alikwenda na futi yake ya kupimia shingoni, akinitazama kama mtu anayeuliza deni gani hajalipa. Cherehani ikabaki na suruali ina mguu mmoja.

Nilijua papo hapo kwamba Omari yuko huko pia. Nikamwachia watoto jirani wa upande wa pili, nikawafuata kwa miguu mpaka kwenye ofisi moja ambayo jina lake silitaji. Mlangoni nikazuiwa.

Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kwa Kinyarwanda, chinichini, "Mama, mumeo anajimaliza mwenyewe. Anaulizwa wenzake ni nani, anasema Yunusi. Anaulizwa Yunusi yuko wapi, anasema kamezwa. Anaulizwa kamezwa na nani, anasema Nyangumi. Sasa wanamtafuta na huyo Nyangumi."

Wakuu, nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Ngoja niwape mahojiano yalivyokuwa. Haya nimeyapata kwa Yunusi, maana Omari akisimulia huongeza chumvi. Yunusi aliyasikia yote kwa sababu walirudiarudia mbele yake.

Mkubwa wa pale Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Wewe iko nasema wakubwa itapita. Wakubwa gani? Ya serikari?"

"La, bwana mkubwa. Samaki!"

"Samaki iko napita wapi?"

"Baharini. Anapumua, anazaa, ananyonyesha..."

"Samaki iko nanyonyesha? Weye unaniona mujinga?"

Kadiri Omari alivyosema kweli ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Mwisho akashikilia kitu ambacho aliamini kila mwanadamu anakijua. "Bwana, ni huyu aliyemmeza Nabii Yunusi!"

Yule mkubwa akaandika. Jina la kwanza Nabii, jina la pili Yunusi. Akauliza kama kuna Yunusi Biryogo. Akaambiwa yupo, fundi cherehani.

Nami pale vumbini nilielewa, kwa sababu mimi peke yangu mtaa ule nilikuwa nimesoma pande zote mbili. Nilichohitaji ni kuingia ndani na kusema neno moja tu.

Lakini saa za kutotembea zilikuwa zimekaribia na mlinzi akanifukuza kwa huruma. "Nenda, mama. Rudi asubuhi."

Mtu asikudanganye kwamba kulijua jibu ni faraja. Nililala na jibu mdomoni na mume wangu yuko ndani. Niliwaza, asubuhi nikifika nikaambiwa wamehamishwa, neno langu nitamwambia nani?

Asubuhi nikajifunga kitenge changu kizuri, nikaenda. Yule mlinzi akaniombea kwa mkubwa wake. Nikaingia.

Omari alikuwa amekaa sakafuni, viatu havina kamba. Yunusi pembeni yake. Sikuthubutu kuwatazama sana, ningelia.

Nilimwambia yule mkubwa kwa Kinyarwanda, nawatafsiria.

"Shefu, samahani. Wewe ulisoma katekisimu?"

"Vizuri sana. Kwa nini?"

"Ni nani alikataa kutumwa na Mungu, akatupwa baharini?"

Akanitazama kama nina wazimu. "Yona."

"Akamezwa na nini?"

"Urufi runini." Samaki mkubwa, ndivyo Biblia yetu isemavyo.

"Shefu, sisi Waislamu Yona tunamwita Yunusi. Nabii Yunusi. Na huyo samaki mkubwa, watu wa pwani wanamwita nyangumi."

Akaitazama karatasi yake. Akamtazama fundi Yunusi.

"Sasa huyu wa hapa?"

"Huyu anashona suruali, shefu. Hajamezwa na mtu."

Kuna askari nyuma alianza kucheka akajikohoza. Lakini yule shefu hakucheka. Akaniuliza swali ambalo mpaka leo namheshimu kwa hilo, maana ni swali la mtu mwenye akili.

"Mnataka kutoka Kigali mpaka baharini, na watoto, vita iko, mkamtazame samaki. Mtamla?"

"Hapana."

"Mtamuuza?"

"Hapana, shefu. Kumtazama tu."

Akaegemea kiti. "Unaona? Hapo ndipo mnaponidanganya. Nani anasafiri kwenda kumtazama samaki asiyemla?"

Miaka yote nilikuwa namwona Omari mpuuzi, na sasa nimesimama namtetea kwa kitu nisichokiamini.

Sijui jibu lilitoka wapi. Nikasema, "Shefu, na wazungu wanaotoka kwao kwa ndege kuja kuangalia ingagi wetu milimani. Wanawala?"

Ingagi ni wale masokwe wakubwa wa kule kwenye volkano. Kila Mnyarwanda anajua wazungu wanavyolipa kuja kukaa kwenye matope na kuwatazama wakila majani.

Bega lake likaanza kutikisika, kisha tumbo, kisha akacheka mpaka akafuta macho.

"Kumbe na nyie mmekuwa wazungu," akasema. "Wachukue. Wote wawili. Na ukirudi uje unieleze kama ni kweli ananyonyesha."

Tulitoka. Tulipofika barabarani nilimpokea mume wangu kwa matusi yote niliyoyajua, ya Kinyarwanda na ya Kiswahili, halafu nikamshika mkono sikumwachia mpaka nyumbani. Nilijihisi mwepesi kama nimetuliwa gunia kichwani. Yeye anachechemea na viatu visivyo na kamba, ananiambia, "Mama Zaituni, kumbe ulikuwa unanisikiliza?"

Nikaukaza ule mkono.

Kwa mkuu atakayeuliza kama baada ya hapo tuliahirisha safari: mimi nilitaka. Aliyekataa ni fundi Yunusi.

"Mimi nimelala ndani sababu ya hii samaki," akasema. "Lazima niione."

Akafunga cherehani yake, akaja na sisi kwa nauli yake. Safari ya kutoka mpakani Rusumo mpaka Tanga siielezi, hiyo inataka uzi wake na tumbo gumu.

Siku ya kwanza baharini hatukuona kitu. Watoto walitapika, mimi nikatapika, na Hamza akawa anasema "subirini" mpaka nikamchukia. Zaituni alikuwa ameshika ukingo wa boti, anatazama maji, na mimi nikiogopa sana kwamba anaanza kuamini wenzake wa shule.

Kesho yake asubuhi Hamza akazima injini.

Tulisikia kabla ya kuona. Pffuuu! Kama tairi la lori linapotolewa upepo. Ikaja harufu ya samaki waliooza, halafu maji yakafunguka na mgongo mweusi ukaanza kupita. Ukapita. Ukaendelea kupita. Nikawa nasubiri uishe, hauishi.

Na ubavuni mwake kulikuwa na mtoto wake.

Zaituni alipiga kelele, "Baba! Ni kweli! Ni kweli!" Omari, bingwa wa maneno, alikuwa analia tu, machozi yanamwingia kwenye ndevu. Nami nilifurahi mpaka kifua kikauma, kwa sababu mume wangu hakuwa mwongo na alikuwa hai.

Fundi Yunusi alisimama katikati ya boti, futi shingoni kama kawaida yake. Alitazama mpaka yule mnyama akazama. Akavua kofia.

"Kweli," akasema. "Hii ni mukubwa."

Tulicheka, wakuu, mpaka Hamza akaogopa boti itapinduka.

Tuliporudi nilikwenda kwa yule shefu, maana ahadi ni deni. Nikamwambia mtoto yupo, anakaa ubavuni kwa mama. Kunyonya kwenyewe sikukuona, ni chini ya maji. Akatikisa kichwa akasema, "Na kweli hamkumla?"

Kuna watakaouliza kuhusu 1994. Tulipona, sote watano, na Yunusi pia. Wengi wa mtaa wetu hawakupona, na hao siwezi kuwaweka kwenye uzi wa kucheka. Nimewaambia tu ili mjue kwamba nikisema alhamdulillahi, naisema kwa uzito wake.

Nilichojifunza ni hiki. Neno mnalolielewa wawili nyumbani, likitoka nje linakuwa la mwingine. Kiteni kitu kwa jina lake. Omari angesema "nyangumi" pale kwenye simu badala ya "wakubwa", wangemwona kichaa tu, na kichaa hakamatwi. Na mwenzi wako akikuhadithia jambo kubwa mno, si lazima umwamini, lakini msikilize. Huenda siku moja ukahitajika kulieleza wewe.

Haya, uwanja wenu. Nani humu ameshawahi kusema kweli tupu akaonekana mwongo? Mwageni, nipo hapa na miwani yangu nasoma moja moja.

Na kila mkiitana "wakuu, wakubwa" humu, mjue kuna mzee mmoja hapa pembeni yangu akisomewa hilo neno anaangalia mlangoni kwanza.